Talaka ya nchi mbili: ufungue shauri wapi?

Ndoa imefungwa nchi moja, wanandoa wakahamia ya pili, ugomvi ukaanza, mmoja akarudi kwao nchi ya tatu. Hapo huwa zipo mahakama mbili, pengine tatu, zenye uwezo wa kuivunja ndoa hiyo, na kila moja itaivunja kwa namna yake. Wengi huchagua kwa swali moja tu: wapi itatoka upesi? Ni swali baya la kuanzia. Hati ya talaka haitabaki kabatini. Itasomwa na msajili siku ya ndoa nyingine, na ofisi ya uhamiaji, na mfuko wa pensheni, na ofisi ya ardhi. Andika kwanza majina ya hao watakaoisoma na nchi waliko, kisha rudi nyuma utafute mahakama ambayo hati yake wataipokea bila kuikunjia uso.

Kuna dhana moja ya kuondoa mapema: si lazima kurudi mlikofunga ndoa. Sheria ya mahali pa harusi hupima kama ndoa ilifungwa sawasawa, basi. Uwezo wa kuivunja hutokana na makazi, uraia, au domisili, yaani ile nchi ambayo sheria inaihesabu kuwa ndiyo kwenu hata kama kwa sasa hukai huko. Las Vegas inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Wageni wawili wanaweza kutua asubuhi, wakachukua leseni na kuoana kabla jua halijazama, kwa sababu Nevada haidai ukazi wala siku za kusubiri. Kuachana ni habari nyingine: mmoja wao sharti awe ameishi Nevada wiki 6. Kwa hiyo mlikofunga ndoa hakuhesabiki kama chaguo, isipokuwa kama ndiko mnakoishi au ndiko kwenu.

Nchi unakoishi

Hili ndilo chaguo la wengi, na mara nyingi ndilo sahihi. Mahakama iko karibu, mshahara na akaunti za benki ziko chini ya mkono wake, watoto wanasoma hapo. Kinachotofautiana ni muda wa kuishi kabla ya kuruhusiwa kufungua. England na Wales, anayefungua peke yake kwa msingi wa makazi yake anatakiwa awe ameishi humo mwaka 1. Kama pia domisili yake iko huko, miezi 6 inatosha. Kanuni ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu 1 Agosti 2022 ina vipimo vinavyokaribiana na hivyo: mwaka 1 kwa mgeni, miezi 6 kwa raia wa nchi ile anayofungulia shauri. California inataka miezi 6 ndani ya jimbo na miezi 3 ndani ya kaunti. Tanzania inataka domisili au mwaka 1 wa kuishi kabla ya kuwasilisha maombi.

Visa peke yake haithibitishi kwamba unaishi mahali. Hakimu hutafuta dalili za maisha: mkataba wa pango, kumbukumbu za kodi, barua ya mwajiri, shule ya watoto. Anayefungua siku ya 360 akidhani mwaka umetimia huwa amempa mwenzake pingamizi la bure, maana kasoro ya mamlaka hairekebishwi kwa kuendelea kuishi wakati shauri linasubiri. Shauri hufutwa, unaanza upya, na katika muda huo mwenzako anaweza kuwa amefungua la kwake kwingine.

Upande wa pili wa chaguo hili ni sheria itakayotumika. England hakimu hutumia sheria ya England hata kama wanandoa wote ni wageni. Katika nchi 17 za Umoja wa Ulaya zilizojiunga na kanuni ya Roma ya Tatu, hakimu anaweza kutumia sheria ya nchi nyingine, na wanandoa wanaruhusiwa kuichagua wenyewe kwa maandishi: ya wanakoishi, ya walikoishi mwisho pamoja, ya uraia wa mmoja wao, au ya mahakama yenyewe. Wasipochagua, ngazi huanzia kwenye makazi ya pamoja. Tofauti hiyo inagusa kalenda. England, tangu 6 Aprili 2022, hakuna haja ya kuthibitisha kosa la mtu: wiki 20 hadi amri ya masharti, ambayo bado haijavunja ndoa, wiki 6 nyingine hadi amri ya mwisho, ila ndoa iwe imetimiza mwaka. Kwa sheria ya Ujerumani, kwa kawaida, wanandoa wawe wametengana mwaka mzima kwanza. Tanzania hutaka shauri lipite kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya kufika mahakamani, lakini sheria inaliondoa sharti hilo mwenzako akiwa nje ya nchi na hakuna dalili kwamba ataingia ndani ya miezi 6 tangu maombi yawasilishwe. Msamaha huo uombwe na kuelezwa ndani ya maombi yenyewe; usiunyamazie ukidhani hakimu ataukumbuka.

Nchi ya uraia au ya asili

Nguvu ya chaguo hili ni utambuzi nyumbani. Hukumu ya mahakama ya kwenu haihitaji kutambuliwa tena kwenu. Msajili anaibandika kwenye daftari na kazi imekwisha. Wakati mwingine hata nchi ya tatu inairahisishia njia. Ujerumani, kwa mfano, hudai talaka nyingi za nje ya Umoja wa Ulaya zipite kwanza kwenye idara ya sheria ya jimbo ndipo mtu aoe tena. Lakini kama wote wawili walikuwa raia wa nchi iliyotoa hukumu, na wa nchi hiyo pekee, hatua hiyo huondoka. Mume na mke wa taifa moja wasio na mali kubwa wanakoishi, na wanaokubaliana, huokoa miezi kwa njia hii.

Lakini siyo kila nchi itakupokea kwa pasipoti tu. Uraia ni msingi unaokubalika Ulaya bara, hasa wote wawili wakiwa raia wa nchi moja. England hautazamwi kabisa. Huko kinachoulizwa ni makazi na domisili. Mtu mwenye pasipoti ya Uingereza aliyehama miaka mingi na kujenga maisha kwingine anaweza kukuta mlango umefungwa.

Kuna pia nchi ya asili isiyo na talaka. Ufilipino haiwapi talaka raia wake wasio Waislamu. Ibara ya 26 ya Sheria ya Familia ya huko inatoa upenyo: Mfilipino aliyeoana na mgeni, talaka ikipatikana nje, anaweza naye kuhesabiwa huru; na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Aprili 2018, haijalishi ni nani kati yao aliyeifungua. Ila hakuna kinachotokea chenyewe. Inafunguliwa kesi ya utambuzi huko Ufilipino, na mwombaji hupeleka vitu viwili: hukumu ya nje, na sheria ya nchi hiyo ya nje, vyote vikiwa vimethibitishwa. Wengi hukwama kwenye hicho cha pili. Hakimu hajifanyi anaijua sheria ya California. Kwake sheria ya kigeni ni jambo la ushahidi kama risiti, na isipoletwa, ombi linaanguka hata kama talaka yenyewe ni halali kabisa.

Asiyemaliza hatua kama hiyo hubaki na ndoa inayochechemea: imekufa nchi moja, ingali hai nchi nyingine. Akioa tena, huku ni mume wa mtu, kule ameoa juu ya ndoa. Akifa, wajane wawili hufika kwenye mirathi moja, kila mmoja na cheti chake halali.

Talaka isiyopitia mahakamani

Hapa ndipo haraka huuma zaidi. Talaka ya kutamkwa, talaka ya kusajiliwa manispaa, talaka ya mthibitishaji wa hati: kila moja inaweza kuwa halali ilikofanyika na isiwe kitu ng'ambo ya mpaka.

Sheria ya Uingereza iko wazi kuliko nyingi. Hakuna talaka inayopatikana ndani ya Uingereza isiyotolewa na mahakama. Mume akitamka talaka akiwa Birmingham, kidini inaweza kuhesabika, kisheria ndoa bado ipo. Mwaka 1986 House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, ilikataa hata talaka iliyotamkwa Uingereza kisha taarifa yake ikapelekwa Pakistani kukamilishwa, kwa sababu hatua zote zilipaswa kufanyika nchi moja. Iliyofanyika nje moja kwa moja hupimwa kwa mizani mbili. Kama ilipitia utaratibu rasmi, inatosha iwe na nguvu huko na mmoja wao awe raia, mkazi au mwenye domisili ya huko. Kama haikupitia utaratibu wowote, domisili ya wote wawili huangaliwa, na pia isiwe kwamba mmoja wao alikuwa na makazi Uingereza kwa mwaka mzima uliotangulia. Kwa maneno mengine, mkazi wa Manchester hawezi kupanda ndege, akatamka tu bila utaratibu rasmi, akarudi na talaka inayofaa kitu Manchester.

Japani inatoa talaka ya makubaliano kwa fomu: wanandoa wanatia saini, mashahidi 2 watu wazima wanatia saini, manispaa inapokea. Siku moja. Kwa wanandoa wa mataifa mawili, heri kupitia usuluhishi wa mahakama ya familia hukohuko Japani. Ni mrefu zaidi, lakini mwisho wake mtu anabeba waraka wa mahakama, na nchi nyingi hutafuta neno hilo tu kwenye karatasi. Ufaransa nayo, tangu 1 Januari 2017, inaruhusu talaka ya maridhiano bila hakimu: kila mmoja na wakili wake, mkataba unawekwa kwa mthibitishaji. Ndani ya Umoja wa Ulaya unatembea vizuri. Mmoja akiwa raia wa nchi isiyojua talaka bila hakimu, omba ile ya mahakamani. Sheria ya Ufaransa bado inayo.

Ni nani aliyetangulia?

Kama nchi zote mbili ni za Umoja wa Ulaya (toa Denmark, haimo kwenye kanuni hii), mahakama iliyofunguliwa kwanza ndiyo inayoshika shauri, ya pili husimama. Huko saa ya kuwasilisha ina thamani. Watu wameshindana kwa dakika. Kati ya England na nchi nyingine yoyote, tangu Uingereza itoke Ulaya, kutangulia ni hoja mojawapo tu: hakimu hupima ni wapi shauri linafaa zaidi kusikilizwa, akiangalia mashahidi, mali, lugha na maisha ya wanandoa yalikokuwa. Kwa hiyo ushauri wa "wahi ufungue" ni mzuri Paris dhidi ya Madrid, na ni nusu tu ya ushauri London dhidi ya Dubai.

Mali na pensheni ndizo zinazoamua

Wanandoa wasio na mali waruke sehemu hii. Wenye nazo waisome kabla ya kuchagua lolote, kwa kuwa ndoa ileile, talaka ileile, hutoa hesabu tofauti kwa kuvuka mpaka. California huchukulia kilichochumwa ndani ya ndoa kuwa cha wote wawili, nusu kwa nusu. England hakuna fomula. Hakimu hupima mahitaji na haki, na mkono wake ni mpana. Hata mkataba wa kabla ya ndoa hubadilika uzito: Ufaransa, ulioandikwa kwa mthibitishaji huwa ndio msingi wa mgawanyo, England, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2010, hupewa uzito ikiwa uliingiwa kwa hiari na kwa kuelewa na kuufuata si dhuluma, ila haumfungi hakimu. Mwenye mkataba imara na mwenye kutaka uvunjwe, kila mmoja ana mji wake wa kukimbilia.

Tazama pensheni kwa karibu, maana ndiyo inayosahaulika. Tuseme mke yuko Leeds, mume amerudi kwao nje na kupata talaka huko, na hukumu inasema mke apewe nusu ya pensheni ya mume iliyoko Uingereza. Mke anapeleka hukumu kwenye mfuko. Mfuko unaijibu kwa barua fupi: hautekelezi amri ya mahakama ya nje. Njia iliyobaki ni kuomba England ruhusa ya madai ya fedha baada ya talaka ya nje, chini ya sheria ya 1984. Ruhusa hiyo ina mtego mmoja unaowanasa watu wema: anayeolewa au kuoa tena kabla ya kuomba anaipoteza haki hiyo. Mpangilio wa tarehe ndio kila kitu. Kwanza ombi, harusi baadaye. Marekani nako mipango mingi ya pensheni ya waajiri hugawanywa tu kwa amri maalumu iliyoandikwa kwa masharti ya sheria ya huko.

Marekani ina tofauti nyingine ya kukumbukwa. Mahakama ya jimbo inaweza kuvunja ndoa kwa sababu tu mwombaji anaishi humo, lakini haiwezi kumwamuru mwenzake aliye nje alipe matunzo kama hana uhusiano wowote na jimbo hilo. Unatoka na talaka, bila senti. Na nyumba iliyo nchi ya tatu ni vivyo hivyo: hakimu anaweza kumwamuru mtu aliye mbele yake aihamishe, hawezi kuliamuru daftari la ardhi la nchi nyingine. Mwenye nyumba akikaidi kutoka mbali, utafungua tena kule nyumba iliko.

Watoto wana mahakama yao

Usidhani mahakama ya talaka ndiyo ya malezi. Watoto hufuata nchi wanakoishi wao. Marekani, kwa sheria iliyopitishwa karibu majimbo yote, jimbo la nyumbani la mtoto ni lile aliloishi na mzazi miezi 6 mfululizo kabla ya shauri. Kwa hiyo inawezekana, na hutokea, talaka ikawa nchi moja na malezi nchi nyingine.

Kosa zito kuliko yote ni kuondoka na mtoto kwanza ili kufungua shauri kwenu. Mkataba wa Hague wa 1980, wenye nchi zaidi ya 100, unahusu mtoto wa chini ya miaka 16: mzazi aliyeachwa akiomba ndani ya mwaka 1, kanuni ni mtoto arudishwe alikokuwa akiishi, na mahakama zinatarajiwa kuamua ndani ya wiki 6. Hawaulizi nani mzazi bora. Wanauliza aliishi wapi na nani alikubali aondoke. Pata idhini ya maandishi yenye tarehe ya kurudi, au amri ya mahakama, kabla ya tiketi.

Kibali cha kuishi

Kama kibali chako kimetundikwa kwenye ndoa, tarehe ya kufungua ni suala la uhamiaji pia. Mtu asiye raia wa Umoja wa Ulaya aliyeoana na raia wa Umoja huo anayeishi nchi nyingine ya Umoja anaweza kubaki baada ya talaka ikiwa ndoa ilidumu miaka 3 kabla shauri halijaanza, na mwaka 1 kati ya hiyo waliishi ndani ya nchi husika. Zipo njia nyingine pia, mfano kwa waliodhulumiwa ndani ya ndoa. Kinachohesabiwa hapo ni siku shauri linapoanza, siyo siku hukumu inapotoka. Anayefungua akiwa na miaka 2 na miezi 10 amejikata mwenyewe kwa miezi miwili.

Wito, na hati zenyewe

Talaka nyingi hukataliwa ng'ambo kwa sababu moja kavu: mwenzake hakupata wito ipasavyo. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Hague wa 1965 hutaka wito upite kwa mamlaka kuu ya nchi anayoishi mdaiwa. Kutuma kwa posta kunaruhusiwa baadhi ya nchi. Ujerumani na China zimekataa. Wito uliotumwa sawasawa usipoletewa cheti cha kupokelewa, hakimu wa nchi iliyotoa tamko la kuruhusu hivyo anaweza kuendelea baada ya miezi 6. Panga kalenda kwa hesabu hiyo. Kumtumia mwenzako hati kwenye simu ni haraka, na huenda hakimu wako akaridhika. Msajili wa nchi ya pili ndiye atakayeuliza cheti kiko wapi.

Hati ikishatoka, soma mstari unaosema ni ya mwisho. Amri ya masharti ya England ina muhuri mzuri, lakini haijavunja ndoa, na watu wameipeleka kwenye ndoa mpya wakarudishwa mlangoni. Linganisha majina herufi kwa herufi na pasipoti na cheti cha ndoa. Jina la ukoo lililobadilika lisindikizwe na hati ya mabadiliko. Kama nchi zote mbili zimo kwenye mkataba wa 1961 wa apostili, yaani stempu ya kuthibitisha hati inayokwenda nje (China ulianza kutumika 7 Novemba 2023, Canada 11 Januari 2024), stempu moja inatosha. La sivyo hati hupita wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi wa nchi inakokwenda. Apostili itangulie, tafsiri ifuate, ili mfasiri aliyeidhinishwa atafsiri na stempu yenyewe; nchi nyingine hutaka mfasiri awe wa kwao, uliza kwanza. Omba nakala zilizothibitishwa tatu au nne siku ileile hukumu inapokuwa ya mwisho, kwa sababu ofisi nyingi hubaki na nakala unayowapelekea.